Pumu ya Ngozi Inapokuwa Kali: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuanza Dawa Mpya

Pumu ya ngozi, ambayo vitabu vya tiba huiita pia ukurutu, ni ugonjwa unaofahamika katika nyumba nyingi za Nyanda za Juu. Katika uwanda wa Ufipa, kuanzia mji wa Sumbawanga hadi vijiji vya Mwimbi na Matai wilayani Kalambo, wagonjwa wengi hupata shida zaidi wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti. Katika miezi hiyo upepo ni mkavu, usiku una baridi kali, na watu huoga maji ya moto kwa sabuni kali na kuvaa sweta za sufu mwilini. Kila kimoja kati ya hivyo hukausha ngozi au kuikera.

Kwa wagonjwa wengi ugonjwa huu ni mwepesi na hutulizwa kwa mafuta na dawa za kupaka. Wapo hata hivyo ambao hawalali usiku, watoto wanaokosa shule, na watu wazima wanaoshindwa kushika jembe kwa sababu ya mipasuko ya viganja. Kwa ajili ya watu hao, tangu mwaka 2017 zimeingia katika soko la dunia dawa mpya zinazofanya kazi kutoka ndani ya mwili. Habari zake zimesambaa kwa simu na kwa maneno ya watu, na pamoja na habari hizo zimekuja ahadi zisizo za kweli. Tumeandaa somo hili ili mtumiaji ajue dawa hizo hufanya nini, zinamfaa nani, hugharimu nini, na ni maswali gani yaulizwe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Majina ya dawa tumeyaandika kwa tahajia ya Kiswahili. Kwenye kasha tahajia itakuwa ya kigeni, kwa hiyo mwombe daktari au mfamasia akuandikie jina kamili kwenye karatasi.

Ugonjwa wenyewe

Ngozi yenye afya ni kama ukuta uliopigwa lipu vizuri: hutunza unyevu ndani na kuzuia vichokozi vya nje. Kwa mwenye pumu ya ngozi ukuta huo una nyufa, mara nyingi kwa sababu ya kurithi. Unyevu hutoka, vumbi na vijidudu huingia, na mfumo wa kinga huitikia kwa nguvu kupita kiasi. Mwitikio huo ndio unaoleta mwasho na uvimbe. Mgonjwa hujikuna, kujikuna huongeza nyufa, na mzunguko huanza upya. Ugonjwa hauambukizi, wala si dalili ya uchafu au ya kurogwa. Mara nyingi hufuatana na pumu ya kifua au mafua ya mzio katika ukoo mmoja.

Vitabu vingi vya tiba huonyesha picha za ngozi nyeupe yenye wekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Sehemu iliyovimba huwa ya kahawia iliyokolea, ya zambarau au ya kijivu. Vipele vidogo vidogo hujitokeza kwenye vinyweleo, na ngozi iliyokunwa kwa muda mrefu huwa nene na ngumu. Kwa sababu hiyo ukali wa ugonjwa huweza kudharauliwa hata na mhudumu wa afya. Mgonjwa asione haya kueleza jinsi anavyowashwa na anavyokosa usingizi, kwa kuwa mambo hayo ni sehemu ya kipimo cha ugonjwa.

Kabla ya jina la pumu ya ngozi kukubaliwa, magonjwa mawili yaangaliwe kwanza. La kwanza ni upele unaoletwa na vidudu. Dalili yake kubwa ni kuwashwa zaidi usiku, vipele kati ya vidole, na watu kadhaa wa nyumba moja kuwashwa kwa wakati mmoja. La pili ni fangasi wa ngozi, ambao aghalabu hufanya duara lenye ukingo ulioinuka. Yote mawili yana dawa zake za bei nafuu. Kumpa mwenye upele dawa ya kupunguza kinga ya mwili ni kuwafungulia mlango vidudu wale wale.

Kupima ukali kwa maswali saba

Neno "kali" lina maana tofauti kwa kila mtu, na ndiyo maana wataalamu hutumia vipimo. Kipimo kimojawapo kilichotungwa Uingereza kinajulikana kwa kifupisho cha POEM, na mgonjwa au mzazi anaweza kukifanya nyumbani kwa penseli na karatasi. Huuliza: katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi

1. ngozi iliwasha;
2. usingizi ulikatizwa na ugonjwa;
3. ngozi ilitoka damu;
4. ngozi ilitoa majimaji;
5. ngozi ilipasuka;
6. ngozi ilibanduka magamba;
7. ngozi ilikuwa kavu au ya kukwaruza.

Kila swali hupewa alama 0 kama hakuna siku, 1 kwa siku moja au mbili, 2 kwa siku tatu au nne, 3 kwa siku tano au sita, na 4 kwa kila siku. Jumla ya alama 3 hadi 7 ni ugonjwa mwepesi, 8 hadi 16 ni wa kati, 17 hadi 24 ni mkali, na 25 hadi 28 ni mkali sana.

Tuchukue mfano wa mtoto wa darasa la nne. Aliwashwa kila siku (4), usingizi ulikatizwa siku tano (3), alitoka damu siku tatu (2), alitoa majimaji siku mbili (1), ngozi ilipasuka siku nne (2), ilibanduka kila siku (4) na ilikuwa kavu kila siku (4). Jumla ni 20, na huo ni ugonjwa mkali. Baada ya mwezi mmoja wa kupaka dawa kwa utaratibu mama anapima tena na kupata 10. Ugonjwa bado ni wa kati, lakini matibabu yanafanya kazi, kwa kuwa kupungua kwa alama nne au zaidi ni nafuu ya kweli. Karatasi hiyo ikiandikwa tarehe na kupelekwa hospitali, humsaidia daktari kuliko maneno "bado anaumwa". Siku mtu atakapokuambia kwamba dawa yake ya bei kubwa imekusaidia, utakuwa na ushahidi wako mwenyewe wa kukubali au kukataa.

Je, hatua ya kwanza imefanyika sawasawa?

Mwongozo wowote wa matibabu unaoheshimika huanza na dawa za kupaka, na wagonjwa wengi wanaodhani kwamba dawa hizo zimeshindwa hawakuzipata kwa kiasi cha kutosha. Mtu mzima mwenye ngozi kavu mwili mzima huhitaji gramu 250 hadi 500 za mafuta ya kulainisha kwa wiki. Kopo dogo la gramu 50 haliwezi kumtosha. Mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato yanafaa, nayo ni ya bei nafuu. Yapakwe mara mbili kwa siku au zaidi, na hasa ndani ya dakika chache baada ya kuoga maji ya vuguvugu, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Dawa ya steroidi ya kupaka nayo ina kipimo. Mkanda wa dawa ya tyubu unaofunika pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima ni karibu nusu gramu, na hutosha eneo lenye ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni dhaifu na huweza kutumika usoni kwa muda mfupi. Betamethasoni ya asilimia 0.1 ni yenye nguvu. Klobetasoli ya asilimia 0.05 ni yenye nguvu sana, na haifai usoni wala kwa mtoto bila usimamizi wa daktari.

Hapa tunatoa tahadhari kuhusu dawa za mchanganyiko, ambazo katika tyubu moja zina steroidi kali, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria. Hutuliza mwasho wowote kwa siku chache, na kwa hiyo hupendwa. Zikitumiwa kwa miezi hufanya ngozi kuwa nyembamba na yenye michirizi, tena huficha fangasi huku wakiendelea kuenea. Mgonjwa aliyezitumia amweleze daktari bila woga, kwa sababu matokeo yake huweza kudhaniwa kuwa ni ugonjwa uliokataa dawa.

Ikiwa mafuta yamepakwa ya kutosha, steroidi ya nguvu inayofaa imetumika kama ilivyoelekezwa, vichokozi vimeondolewa na maambukizi yametibiwa, kisha alama zimebaki za kati au za juu, hapo ndipo swali la dawa za kufanya kazi mwili mzima linapokuwa na haki ya kuulizwa.

Dawa za zamani za mwili mzima

Katika mazungumzo ya dawa mpya, ngazi hii ya katikati husahauliwa. Kwa mkazi wa Rukwa huenda ikawa ndiyo ngazi yenye manufaa zaidi.

*Prednisoloni* ni steroidi ya kumeza. Hutuliza haraka, lakini ugonjwa mara nyingi hurudi kwa kishindo dawa inapokoma. Ikitumiwa kwa muda mrefu huongeza sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na kudumaza watoto. Aliyeitumia kwa majuma mengi asiiache ghafla. Tahadhari hiyo inahusu pia sindano za steroidi ya kukaa mwilini muda mrefu, ambazo wakati mwingine hutolewa kila mwezi kwa jina la "sindano ya mzio". Uliza jina la sindano yoyote kabla hujachomwa.

*Methotreksati* ni ya zamani na ya bei nafuu ikilinganishwa na dawa mpya. Nafuu huonekana taratibu, kwa kawaida baada ya wiki 8 hadi 12. Kuna sheria moja ambayo kuivunja huweza kuua: dawa hii, kwa ugonjwa huu, hutumiwa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku. Jina la siku iliyochaguliwa liandikwe juu ya kasha. Mgonjwa hupewa pia vidonge vya foliki asidi na hupimwa damu na ini kwa vipindi. Dawa hii huharibu mimba, haipatani na pombe, na ikichanganywa na kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita septrini, huweza kuzima utengenezaji wa damu mwilini. Kila unapoandikiwa dawa nyingine, taja kwamba unatumia methotreksati.

*Siklosporini* hufanya kazi kwa haraka, lakini huhitaji kupima figo na shinikizo la damu mara kwa mara, na kwa kawaida haitumiki kwa miaka mingi. *Azathioprini* nayo hutumika, kwa uangalizi wa damu.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Uingereza na Ayalandi kwa watoto 103 wenye pumu kali ya ngozi, likilinganisha siklosporini na methotreksati. Siklosporini ilitangulia katika wiki 12 za mwanzo. Lakini baada ya matibabu kusimamishwa, waliotumia methotreksati ndio waliodumu na nafuu zaidi. Kwa hiyo dawa ya zamani si dawa duni, mradi iwe na daktari anayeisimamia na maabara ya kupima damu.

Dawa mpya: makundi mawili

*Sindano za kibiolojia.* Hizi ni protini zilizotengenezwa ili kuzuia ujumbe mmoja au miwili tu ya mfumo wa kinga, ile inayochochea pumu ya ngozi. Ya kwanza ni dupilumabu, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2017 kwa watu wazima na baadaye kwa watoto. Zimefuata tralokinumabu mwaka 2021, kisha lebrikizumabu na nemolizumabu. Dupilumabu huchomwa chini ya ngozi. Mtu mzima huanza na sindano mbili siku moja, kisha sindano moja kila baada ya wiki mbili.

Je, husaidia kiasi gani? Katika majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2016, yenye watu wazima zaidi ya 1,300, kiasi cha watu 37 kati ya kila 100 waliochomwa dawa hii kila wiki mbili walikuwa na ngozi safi au karibu safi baada ya wiki 16. Waliochomwa sindano isiyo na dawa, waliofikia hapo walikuwa kiasi cha 9 kati ya 100. Wengine wengi walipata nafuu ya mwasho bila kufikia usafi huo. Maendeleo hayo ni makubwa. Hata hivyo, zaidi ya nusu hawakupata ngozi safi, na anayekuahidi kupona kabisa anakudanganya. Dawa hudhibiti ugonjwa muda wote inapotumika, na ikiachwa, kwa wengi ugonjwa hurudi.

Madhara yanayojulikana zaidi ni macho kuwa mekundu na kuwasha, na maumivu mahali pa sindano. Dawa hii haidhoofishi kinga yote ya mwili, lakini hugusa njia ambayo mwili huitumia kupigana na minyoo. Katika nchi yetu, ambako minyoo na kichocho ni jambo la kawaida, mgonjwa apimwe na kutibiwa kwanza.

Uhifadhi nao una uzito wake. Sindano hukaa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na haziruhusiwi kuganda. Dupilumabu ikitolewa nje haipaswi kuzidi nyuzi 25, na itumike ndani ya siku 14 au itupwe. Baridi ya Ufipa isimdanganye mtu, kwani chumba chenye baridi usiku hupata joto mchana. Anayesafirisha dawa kutoka Mbeya hadi Mwimbi awe na kasha la baridi, na sindano zisigusane na barafu. Aulize pia kama zahanati au kituo cha afya cha karibu kina jokofu la kuaminika, na nini hufanyika umeme unapokatika.

*Vidonge vya kuzuia vimeng'enya vya JAK.* Hivi ni pamoja na barisitinibu, iliyoruhusiwa Ulaya kwa ugonjwa huu mwaka 2020, na upadasitinibu na abrositinibu zilizofuata. Humezwa mara moja kwa siku na havihitaji jokofu. Mwasho huweza kupungua ndani ya siku chache. Kwa anayeishi mbali na mji, mambo hayo huvutia.

Lakini vidonge hivi hugusa sehemu pana ya kinga. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za jamii hii ziwekewe onyo lake la ngazi ya juu kabisa, kuhusu maambukizi makali, magonjwa ya moyo, damu kuganda kwenye mishipa, saratani na vifo. Hatari hizo huongezeka kwa wavutaji wa sigara, wenye umri mkubwa na wenye ugonjwa wa moyo. Mkanda wa jeshi hutokea mara nyingi zaidi kwa wanaovitumia. Kifua kikuu kilicholala mwilini huweza kuamka, na Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Tena rifampisini, dawa ya msingi ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya baadhi ya vidonge hivi. Havitumiki wakati wa ujauzito. Hivyo, urahisi wa kutohitaji jokofu huja pamoja na ulazima wa kufika maabara mara kwa mara.

Vipimo kabla ya kuanza

Kwa vidonge vya JAK na kwa dawa za zamani kama methotreksati, tarajia kupimwa wingi wa damu, ini na figo, kifua kikuu, homa ya ini aina ya B na C, Virusi vya Ukimwi, na ujauzito kwa mwanamke. Vidonge vya JAK huhitaji pia kupima mafuta ya damu. Kwa sindano za kibiolojia vipimo ni vichache, lakini minyoo na macho viangaliwe. Chanjo zenye vijidudu hai, kama za surua na homa ya manjano, zipangwe kabla ya matibabu kwa ushauri wa daktari. Anayekuuzia dawa hizi bila kukupima chochote hajakurahisishia kazi: amekupa hatari yote uibebe peke yako.

Gharama, bima na njia ya rufaa

Dupilumabu ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2017, bei yake ya orodha ilikuwa dola 37,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 80. Bei hutofautiana baina ya nchi na nchi, lakini sindano za kibiolojia hubaki ghali popote. Mtumiaji asiulize bei ya sindano moja tu. Kwa mtu mzima mwaka wa kwanza una sindano 27. Zidisha bei ya moja kwa 27, ongeza nauli za hospitali ya rufaa, vipimo na malazi, kisha jiulize: je, mwaka wa pili utalipwa na nani?

Swali hilo ndilo kiini cha ushauri wetu. Familia inayouza ng'ombe au shamba ili kulipia miezi miwili ya dawa inayohitaji miaka inaweza kurudi mahali ilipoanzia, ikiwa haina ng'ombe wala shamba. Usianze matibabu ambayo huna njia ya kuyaendeleza. Pesa hiyo hiyo huweza kugharamia miaka ya mafuta ya kutosha, dawa sahihi za kupaka na methotreksati yenye uangalizi.

Kuhusu bima, kadi si ahadi ya kila dawa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, bima za jamii na kampuni binafsi zina orodha za dawa zinazolipiwa, na dawa za gharama kubwa huweza kuhitaji kibali kabla ya matumizi. Omba jibu kwa maandishi, lenye jina la dawa na muda utakaolipiwa, kabla ya dozi ya kwanza.

Njia ya rufaa huanza zahanati au kituo cha afya, hupita hospitali ya wilaya na hospitali ya rufaa ya mkoa Sumbawanga, kisha hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya, na inapobidi Muhimbili au KCMC. Mjini Moshi, pembeni ya KCMC, kipo Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, ambacho tangu miaka ya 1990 kimefundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Katika kila ngazi uliza kama yupo mhudumu aliyesomea ngozi, na siku za kliniki yake. Nenda na karatasi za alama na makasha yote ya dawa ulizotumia.

Kujikinga na udanganyifu

Dawa zote tulizozitaja katika sehemu za dawa za zamani na dawa mpya ni za cheti cha daktari. Duka la dawa muhimu halina ruhusa ya kuuza methotreksati, sindano za kibiolojia wala vidonge vya JAK. Dawa ikitolewa na famasi, hakikisha yafuatayo:

- Dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, au imeingizwa kwa kibali chake maalumu. Mfamasia anapaswa kuweza kukuonyesha. Ofisi ya TMDA ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ipo Mbeya.
- Kasha halijafunguliwa, lina namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na jina la mtengenezaji.
- Sindano imetoka kwenye jokofu mbele ya macho yako.
- Umepewa risiti yenye jina la dawa, kiasi na bei. Itunze.

Kataa krimu isiyo na lebo iliyopimwa kwenye kopo, hata ikiitwa ya mitishamba. Mafuta ya "asili" yanayotuliza ngozi kwa siku mbili yanaweza kuwa yamechanganywa na steroidi kali. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini. Waganga wa tiba asili wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2002 na husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Una haki ya kuomba kuona cheti cha usajili. Tangazo la kuponya pumu ya ngozi moja kwa moja, liwe redioni au kwenye simu, ni la kutiliwa shaka daima. Dawa inayoshukiwa ipelekwe TMDA, na matangazo ya upotoshaji yaripotiwe Tume ya Ushindani, ambayo sheria ya mwaka 2003 imeipa kazi ya kumlinda mlaji.

Maswali ya kumuuliza daktari

1. Una uhakika gani kwamba hii ni pumu ya ngozi, na si upele au fangasi?
2. Je, dawa za kupaka nimezitumia kwa kiasi na muda wa kutosha?
3. Kwa nini dawa hii na si methotreksati?
4. Nitapimwa nini kabla, na kila baada ya muda gani?
5. Tutajuaje kwamba inafanya kazi, na lini tutaamua kuiacha? Kwa sindano za kibiolojia, wiki 16 ni wakati mwafaka wa tathmini.
6. Nikikosa dozi au fedha ikikatika, nifanye nini?
7. Nikipata mimba au nikiandikiwa dawa nyingine, nimwone nani?

Dalili za kurudi hospitali bila kungoja

Rudi siku hiyo hiyo ukiona malengelenge madogo yenye maumivu yaliyokusanyika pamoja, hasa yakiambatana na homa. Huenda ni virusi vilivyoenea juu ya ngozi iliyojeruhiwa, na kwa mtoto ni jambo la dharura. Rudi pia kwa usaha na homa, kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, maumivu ya kifua, mguu mmoja kuvimba, kupumua kwa shida, macho kuuma au kutoona vizuri, vidonda mdomoni ukiwa unatumia methotreksati, au manjano machoni. Mwombe mhudumu ajaze taarifa ya madhara ya dawa na kuituma TMDA. Taarifa yako humlinda mgonjwa mwingine.

Kwa ufupi

Pumu kali ya ngozi haistahili kuvumiliwa kimya, na leo ina dawa nyingi kuliko wakati wowote uliopita. Mgonjwa apime ukali wake kwa alama, akamilishe hatua ya kwanza kwa kipimo cha kutosha, aulize kuhusu dawa za zamani zenye uangalizi, na akifika kwenye dawa mpya aingie akiwa amepimwa, amehesabu gharama ya mwaka mzima, na anajua atakayempigia simu mambo yakiharibika.